Kabla Ebola Haijafika Kagando

Juni 2019, mtoto wa miaka 5 kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, akitapika damu. Waliompokea walishuku Ebola papo hapo. Alihamishiwa kituo cha kutengea wagonjwa cha Bwera, sampuli yake ikasafirishwa hadi taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, na Juni 11 jibu likatangazwa: ni Ebola. Mtoto huyo alifariki, kisha mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao. Hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa ndani ya Uganda.

Wengi waliiita bahati. Mimi naona kazi ya miezi kumi.

Kongo ilitangaza mlipuko wa Kivu Kaskazini Agosti 1, 2018. Wizara ya Afya ya Uganda haikungoja mgonjwa avuke. Novemba mwaka huohuo, pamoja na Shirika la Afya Duniani, ilianza kuwachanja wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani, na hadi Juni karibu wahudumu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa. Uamuzi huo ulihitaji ujasiri. Chanjo yenyewe ilikuwa bado haijapata leseni, na kwa kawaida ilitolewa mlipuko ukishatokea, kwa waliomkaribia mgonjwa. Hapa ilitolewa kwa wauguzi ambao huenda wasingemwona mgonjwa wa Ebola maishani mwao.

Kwa nini waanzie kwa wauguzi? Jibu liko Gulu, kaskazini mwa nchi. Mwaka 2000 Ebola iliwapata watu 425 nchini Uganda na kuua 224. Hospitali ya Lacor, huko Gulu, ilizika watumishi wake, akiwemo mganga mkuu, Dkt. Matthew Lukwiya. Muuguzi anayejua kwamba mgonjwa aliye mbele yake anaweza kumuua ana kila sababu ya kuogopa hata kulitaja jina la ugonjwa. Aliyechanjwa, akafunzwa dalili na kujua nani wa kumpigia simu, hulitaja mapema. Ndicho kilichotokea Kagando, na kwangu hicho ndicho kiini cha maandalizi yote yale, kuliko hata magari na mahema.

Maandalizi hayo pia hayakuuamini mpaka kupita kiasi. Kituo cha mpakani cha Mpondwe, wilayani Kasese, hupitisha maelfu ya watu kwa siku, na pembeni kuna njia za panya zisizo na mlinzi wala kipimajoto. Familia ya mtoto yule ilikuwa imeshatengwa upande wa Kongo. Baadhi yao wakaponyoka na kuvuka. Maofisa wa Kongo wakawatahadharisha wenzao wa Uganda. Kizuizi cha kwanza kikapitisha, cha pili kikaziba. Agosti 2019 ikawa kinyume: msichana wa miaka 9 alinaswa palepale Mpondwe kabla hajachanganyika na watu.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Septemba 20, 2022, Ebola ilitangazwa Mubende, katikati ya nchi, mbali na vituo vile vya mpakani. Safari hii ilikuwa aina ya Sudan, ambayo chanjo ile haiizuii. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Januari 11, 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa na 55 kati yao wamekufa. Uganda ilikuwa imejiandaa kwa adui mmoja anayeingia kwa mlango mmoja.

Kijana wa miaka 24 aliyekuwa wa kwanza kuthibitishwa Mubende alianza kuumwa Septemba 11. Kwa siku nne alitibiwa katika kliniki binafsi bila nafuu. Alipofika hospitali ya rufaa ya mkoa, alishukiwa na kutengwa siku hiyohiyo. Hospitali ilijua la kufanya. Ningekuwa na bajeti ya maandalizi yajayo, shilingi ya kwanza ningeipeleka kwenye zile kliniki: glavu, mafunzo ya dalili, na namba ya simu iliyobandikwa ukutani, inayopokelewa hata usiku wa manane.