Sifa za Mkono wa Pili

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, daktari C. Walton Lillehei na wenzake waliurekebisha kikamilifu, kwa mara ya kwanza, moyo wa mtoto aliyezaliwa na tetralojia ya Fallot, yaani moyo wenye tundu ndani na njia iliyobana ya damu kwenda mapafuni. Mtoto aliunganishwa kwa mirija na mtu mzima aliyelala kando yake, na moyo wa mtu huyo ukasukuma damu ya wote wawili. Ushujaa huo umesimuliwa sana. Ambao haujasifiwa vya kutosha ni ufundi wa daktari anayerudi kwenye kifua kilekile miaka ishirini au thelathini baadaye.

Hurudi kwa sababu upasuaji wa kwanza uliokoa maisha na kuacha deni. Ili damu ifike mapafuni, njia iliyobana ilipanuliwa, na mara nyingi vali ikabaki inavuja. Mtoto anakua, anasoma, anaoa au kuolewa. Huku nyuma chemba ya chini ya kulia inatanuka polepole.

Mara ya kwanza moyo ulikuwa huru ndani ya utando wake. Sasa makovu yameushika, pengine umegandamana na mfupa wa kidari wenyewe, na msumeno ukizama kupita kiasi utaukata. Kwa hiyo fundi wa mara ya pili hupima kwanza kwenye picha nafasi iliyopo kati ya mfupa na moyo. Akiona ni finyu mno, huiunganisha mashine ya moyo na mapafu kupitia mishipa ya kinenani kabla hata ya kugusa mfupa. Kisha huachanisha makovu kidogo kidogo, pengine kwa saa kadhaa, kabla ya kuifikia vali aliyokuja kuibadilisha.

Kuna pia umeme. Mapema kabisa ilijulikana kwamba uzi ukipita vibaya pembeni mwa tundu linalozibwa huweza kukata njia ya umeme wa moyo. Ndiyo maana mwaka 1957 Earl Bakken, fundi wa vifaa vya hospitali huko Minneapolis, alimtengenezea Lillehei kifaa cha betri cha kuendesha mapigo. Hatari nyingine hukawia miaka. Kovu halipitishi umeme, basi umeme hulizunguka bila kukoma, kama gari lililokosa pa kutokea kwenye kipilefti, na moyo ukaenda mbio hadi mtu akaanguka.

Bingwa wa mapigo huitafuta kwa katheta njia nyembamba unamopita mzunguko huo na kuichoma. Ni vema afanye hivyo mapema, maana vali mpya inaweza kuifunika asiweze kuifikia tena. Hapo ndipo yeye na mpasuaji wanapolazimika kupanga kazi pamoja.

Mwaka 2000, Philipp Bonhoeffer akiwa Paris alipitisha vali kwenye mshipa hadi moyoni bila kupasua kifua. Hata hivyo vali za tishu huchakaa. Mpasuaji makini huchagua yenye upana utakaoruhusu nyingine kuwekwa ndani yake baadaye kwa njia hiyo, na wengine, kabla ya kufunga kifua, hutandika utando mwembamba kati ya moyo na mfupa kwa ajili ya daktari atakayefungua mara ya tatu.