Jina Limebadilishwa, Marehemu Ni Yuleyule: Hukumu ya Watazamaji juu ya Filamu «St. Helens»

Filamu inayosimulia maafa ya kweli haina watazamaji wa aina moja. Wako wanaotazama moto. Hao huridhika au huchoka kwa kadiri moshi na majivu yalivyoigizwa. Wako wanaotazama ramani na saa, ambao furaha yao ni kukamata makosa. Na wako wanaotazama wakimtafuta mtu wao aliyekufa. Uhakiki wa sinema umezoea kuwasikiliza wa kwanza, kucheka pamoja na wa pili, na kuwahurumia wa tatu bila kuwasikiliza. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa mfano wa filamu «St. Helens» ya mwaka 1981, kwamba kundi la tatu ndilo lililosema neno zito kuliko yote, na kwamba neno hilo lahusu sanaa yenyewe, si machungu ya msiba peke yake.

1. Mlima na filamu

Mlima St. Helens uko katika jimbo la Washington, Marekani. Uliamka mwezi Machi 1980 kwa mitetemeko, kisha ukaanza kutoa mvuke na majivu. Ubavu wake wa kaskazini ukawa unavimba kwa zaidi ya mita moja kila siku. Jumapili tarehe 18 Mei, saa 2:32 asubuhi, tetemeko la ardhi liliuporomosha ubavu huo, na nguvu iliyokuwa imefungiwa ndani ikafyatuka kwa upande. Watu 57 walikufa, na kimo cha mlima kilipungua kwa mita 400 hivi.

Wawili kati ya waliokufa walijulikana kuliko wengine. Wa kwanza ni David Johnston, mtaalamu wa milima ya moto mwenye umri wa miaka 30, mtumishi wa Idara ya Utafiti wa Jiolojia ya Marekani. Asubuhi hiyo alikuwa peke yake kwenye kituo cha kutazamia, umbali wa kilomita 10 hivi kutoka mlimani. Aliwahi kuwaita wenzake kwa redio kuwaarifu kuwa saa imefika. Mwili wake haukupatikana. Wa pili ni Harry Truman, mzee wa miaka 83, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa Spirit, aliyekataa kuhama hata alipoombwa mara nyingi.

Filamu ya Ernest Pintoff ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na televisheni ya HBO tarehe 18 Mei 1981, siku mwaka ulipotimia. Ndani yake mzee Truman, anayeigizwa na Art Carney, anabaki na jina lake la kweli. Johnston amegeuzwa kuwa «David Jackson», anayeigizwa na David Huffman, naye amepewa mapenzi na Linda Steele, mhudumu wa mgahawa anayelea mtoto peke yake.

2. Kosa lisilouma na kosa linalouma

Ili kuupima uzito wa malalamiko yaliyofuata, yafaa kwanza kukumbuka filamu nyingine ya mlima wa moto. Mwaka 1968 ilitengenezwa filamu «Krakatoa, East of Java» juu ya mlipuko wa mwaka 1883, uliowaua watu zaidi ya 36.000. Jina lake laiweka Krakatoa mashariki ya Java, hali kisiwa hicho kiko magharibi. Tangu hapo watazamaji hawajaacha kuicheka. Lakini ni kicheko tu: dira ilipokosewa hakuna aliyeaibishwa, wala hakuna marehemu aliyevuliwa tabia yake.

«St. Helens» ilipokewa kwa namna nyingine. Kabla haijaonyeshwa, wanasayansi 36 waliomfahamu Johnston walitia sahihi barua ya kuipinga. Walieleza kwamba alikuwa mtu mwangalifu katika kazi yake, na kwamba maisha yake yalikuwa na thamani ya kutosha, hayakuhitaji kupambwa kwa mambo ya kubuni. Wazazi wake nao walisema kwamba mtoto wao haonekani kabisa katika picha ile: mahali pake amewekwa mtu wa kujitosa hatarini, mkaidi aliyewahi kukosana na wakubwa wake.

3. Je, kubadilisha jina kunatosha?

Jibu la kawaida la watetezi wa filamu ni hili: msanii ana uhuru wa kubuni, na jina limekwisha kubadilishwa. Asiyependa kumwona Johnston asimwone. Huyu ni Jackson.

Hoja hii haisimami mbele ya mtu yeyote aliyetafakari jinsi lugha inavyomtaja mtu. Jina ni njia moja tu ya kumwelekea mwenye jina. Njia nyingine, yenye nguvu sawa, ni maelezo ya pekee. Mtu akisema «yule mtaalamu kijana aliyefia kituoni asubuhi ya tarehe 18 Mei», hakutaja jina, lakini ulimwengu mzima una mtu mmoja tu anayestahili kauli hiyo. Kiswahili huliona jambo hili waziwazi, kwa kuwa kiambishi kimoja tu cha urejeshi, katika «aliyefia», chatosha kumtambulisha marehemu matangani pasipo mtu kulitamka jina lake. Filamu imebadilisha jina la ukoo, ila imeacha jina la kwanza, kazi, mlima, tarehe na kifo. Yote yanayomwelekea Johnston yamebaki; yaliyoondolewa ni yale yanayomheshimu.

Tena, kule kumwacha Truman na jina lake kunazidi kumfunga mtazamaji. Mzee wa kweli akiwa na jina la kweli, mtazamaji anaahidiwa kwamba anaona yaliyotokea, na kila anayesimama kando ya mzee huyo anapakwa rangi hiyohiyo ya ukweli.

Ni haki kukiri hapa kwamba hasira ya mzazi peke yake si uhakiki. Mzazi anaweza kumkataa hata msanii aliyesema kweli. Lakini barua ya wanasayansi haikudai huruma. Ilidai jambo linaloweza kuchunguzwa: kwamba mtu huyu alikuwa mwangalifu, na filamu imemfanya asiwe mwangalifu.

4. Hasara ya sanaa

Kwa nini Truman wa Art Carney haleti ugomvi wa namna hiyo? Kwa sababu ukaidi wake ulikuwa kweli, tena ulijulikana kabla ya kifo chake. Waandishi wa habari walimfuata nyumbani, watoto wa shule walimwandikia barua. Mwigizaji alikuta mtu aliyekwisha kuwa hadithi angali hai, naye hakulazimika kumwongezea kitu.

Kwa Johnston mambo yalikuwa kinyume. Ushujaa wake haukuwa wa kukimbilia moto, bali wa kungoja, kupima na kuandika, kisha kusema na kutosadikiwa na wote. Wakati ule wenye nyumba karibu na mlima walichoka kuzuiwa, kwani mlima ulionekana kutulia. Tarehe 17 Mei waliruhusiwa kuingia kuchukua vitu vyao, na msafara wa pili ulipangwa kuingia saa 4 asubuhi ya tarehe 18. Mlima ulilipuka saa moja na nusu hivi kabla. Vifo havikupindukia 57 kwa sababu, pamoja na manung'uniko yote, sehemu kubwa ya eneo ilikuwa imefungwa kwa shauri la wanasayansi, Johnston akiwa mmoja wao.

Hapa ndipo penye tamthilia yenyewe: kizuizi cha barabarani, watu wenye haki ya kukasirika, kipimo kinachosema jambo ambalo jicho halilioni. Kuyaacha hayo na kuchukua mapenzi ya mgahawani ni kukosa heshima, na pia ni kukosa kuona. Lawama ya maadili na lawama ya fani zinakutana mahali pamoja.

5. Somo kwa walio chini ya Nyiragongo

Jambo hili si la Wamarekani pekee. Wenyeji wa Goma waliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji wao hadi ziwani Kivu mwezi Januari 2002. Walikimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Na siku tano baadaye, wengi walipokwisha kurudi, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe kwa hofu ya mlipuko wa pili. Mlipuko huo haukutokea. Watu waliolala njiani kuelekea Sake, na waliovuka kwenda Rwanda, walirudi majumbani mwezi Juni.

Katika mji kama huo, imani kwa wapimaji ni sehemu ya ulinzi sawa na barabara ya kukimbilia. Onyo lisilofuatwa na moto si lazima liwe uongo. Wenye nyumba wa St. Helens nao waliliona onyo kuwa la bure mpaka asubuhi ya Jumapili. Sinema inayomfundisha mtazamaji kwamba mtaalamu wa kweli ni yule anayegombana na ofisi yake, na kwamba uangalifu ni ubaridi wa moyo, inaupunguza ulinzi huo kidogo kidogo, hata kama majivu yake yameigizwa vizuri.

Ikitokea siku moja msanii akaitengenezea Goma filamu yake, watazamaji wa kundi la tatu watakuwa wengi ukumbini. Hawatauliza kama lava inang'aa. Watauliza kama yule aliyekwenda kupima, na yule aliyebaki mlangoni kwake, wamesemwa walivyokuwa. Mhakiki atakayeanza na swali hilo hatakuwa ameiacha sanaa kando. Atakuwa ameishika penye shina lake.