Uasi wa Dola 5
Nimeitazama Instrument, filamu ya Jem Cohen ya 1999 kuhusu Fugazi, bendi ya panki ya Washington. Kilichonibaki kichwani siyo magitaa, ni kiingilio: dola 5 tu kila walipoweza, na watoto wa shule ruksa. Halafu kuna majamaa wanaorusha mateke mbele ya jukwaa, eti ndiyo panki. Muziki unasimama, wanasemwa hadharani. Desturi ya bendi ilikuwa kumrudishia mkorofi dola zake na kumwonyesha mlango. Wapo wanaosema hao ni walimu wa zamu. Wapi! Kumnyima mbabe ukumbi ili binti wa mstari wa mbele asivunjwe mbavu, huo ndio uasi ninaouelewa. Wakiingia studio, filamu inasinziisha. Itazame kwa ajili ya jukwaa.