Shajara za Mwisho za Livingstone na Mikono Iliyozipitia

Msomaji akaaye Rahaleo, mjini Mtwara, aweza kufika mahali safari ya kitabu hiki ilipoanzia bara kabla jua halijawa kali, maana Mikindani ni mwendo wa kilomita 10 hivi. Hapo ndipo Daktari David Livingstone aliposhuka katika mwezi wa Machi 1866, baada ya kuujaribu kwanza mlango wa Ruvuma na kuona kwamba ngamia wake hawataweza kupenya mikoko. Hakurudi tena pwani akiwa hai. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873; na mwishoni mwa mwaka wa 1874 John Murray wa London akatoa The Last Journals of David Livingstone, juzuu mbili.

Jina la mtu mmoja juu ya jalada limewafanya wengi wadhani kwamba wanasikia sauti moja. Sivyo. Maandishi yenyewe yalifika Uingereza kwa njia mbili. Shajara kubwa, iliyoishia Machi 1872, aliichukua Stanley walipoagana Unyanyembe, imetiwa lakiri, ampelekee Agnes bintiye Livingstone. Yaliyosalia yalisafiri pamoja na maiti mpaka Bagamoyo, yakafika Februari 1874. Lau Susi, Chuma na wenzao wangaliutupa mzigo ule njiani, juzuu ya pili ingalikuwa nyembamba mno.

Mhariri alikuwa Horace Waller, kasisi aliyepata kuwa katika misheni ya Shire na kumjua Chuma tangu utoto wake. Huyu alikuwa na kazi mbili kwa mkono mmoja: kuyachapisha maneno ya rafiki yake, na kuwachochea Waingereza dhidi ya biashara ya watumwa. Dorothy Helly, katika kitabu chake cha mwaka wa 1987, ameonyesha jinsi Waller alivyochagua, akaacha na kulainisha. Mhariri kusahihisha makosa ya kalamu si kosa. Kosa ni kuondoa bila ya kumwarifu msomaji.

Lakini si haki kumtwika Waller lawama yote. Tarehe 15 Julai 1871 watu wengi waliuawa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Livingstone alikuwapo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa akiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, kwa wino wa mimea, akikata kwa mistari yake maneno yaliyochapwa. Wino ule ulififia hata ukawa hausomeki, mpaka Adrian Wisnicki na wenzake walipozipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakatoa matini yake mwaka wa 2011. Yakilinganishwa maandishi hayo na nakala safi aliyoinakili Livingstone mwenyewe baadaye, yaonekana kwamba habari za watu wake, wale waliopelekwa kwake kutoka Unguja, zimepunguzwa makali. Na yawezekana kwamba baadhi yao walishiriki jeuri iliyotendeka huko. Basi aliyeanza kuhariri ni mwandishi mwenyewe. Haya hayawaondolei hatia wafanya biashara ambao watu wao walipiga bunduki sokoni. Hata hivyo watu wa pwani, waliobebeshwa lawama ya Nyangwe kwa muda wa zaidi ya karne moja, wana haki ya kujua kwamba ushahidi uliosomwa dhidi yao ulikuwa umekwisha kupunguzwa.

Sura ya mwisho ina tatizo jingine. Livingstone aliacha kuandika tarehe 27 Aprili 1873. Yanayofuata ni masimulizi ya Chuma na Susi, waliopelekwa Uingereza baada ya maziko wakahojiwa na Waller, naye akayatia katika Kiingereza chake cha kanisani. Ile picha mashuhuri ya mauti, mgonjwa amepiga magoti kando ya kitanda, imo humo. Na mpaka kati ya neno la msimulizi na neno la kasisi haukuonyeshwa. Jacob Wainwright, mwenzao aliyeandika daftari lake mwenyewe la safari ya maiti, alichapwa kwa Kijerumani mwaka huo huo wa 1874. Tafsiri ya Kiingereza iliyotengenezwa na Roy Bridges ikatoka mwaka wa 2007.

Toleo la Kiswahili litakapotengenezwa, matini zote tatu za Nyangwe ziwekwe ubavu kwa ubavu, na sura ya mwisho ibebe majina ya Chuma na Susi kuwa ndio wenye habari. Katika toleo la Waller wametajwa kwenye ukurasa wa jina, lakini kama watumishi waaminifu tu.