Kulenga Gizani: Kioo Kipi Kinafaa Bunduki ya Kulinda Nyumba

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1898, mhandisi John Henry Patterson alikaa peke yake juu ya jukwaa la miti karibu na mto Tsavo, bunduki mkononi, akimvizia mmoja wa simba wawili waliokuwa wakiwatoa vibarua wa reli ya Uganda ndani ya mahema yao. Chini kulikuwa na mzoga wa punda kama chambo. Simba alikuja, akauacha ule mzoga, akaanza kumzunguka aliyeko juu. Kwa karibu saa mbili Patterson alimsikia akinyatia bila kupata kitu cha kulenga. Alipofyatua, alifyatulia kivuli. Kisha akaendelea kupeleka risasi kule kulikotoka miguno. Kulipopambazuka simba akakutwa amekufa.

Usiku mwingine, kabla ya huo, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Patterson na daktari mmoja aliyeitwa Brock walijibanza ndani ya behewa la mizigo, wakakodoa macho gizani hadi kila kichaka kikaanza kuonekana kama mnyama. Simba aliporuka kuwaelekea walifyatua kwa pamoja, umbali wa hatua chache tu, na wote wawili wakamkosa.

Watu wawili wenye bunduki nzuri, mnyama mkubwa, masafa ambayo hata mtoto angerusha jiwe likafika. Hawakukosa kwa sababu shabaha ilikuwa mbali. Walikosa kwa sababu hawakuiona, na kwa sababu hawakuziona alama za kulengea zilizo juu ya mtutu wao wenyewe. Ukuzaji wa mara tisa usingewasaidia kitu. Mtu wa Chalinze, mkoani Pwani, mwenye bunduki ya leseni, anayejiuliza aifunge kioo gani, aanzie kwenye behewa lile la Tsavo kabla hajafungua katalogi ya dukani.

Mkoa wa Pwani wenyewe una somo lake, tena la karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2002 hadi Aprili 2004 simba mmoja wa Rufiji aliua watu wapatao 35 katika vijiji kadhaa, hadi askari wa wanyamapori walipompiga risasi. Alikutwa na jipu kwenye jino. Mtafiti Craig Packer na wenzake, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2005, walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004. Kisa kikubwa walichokitaja ni nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na katikati yao yuko mkulima aliyelala kwenye dungu akilinda mahindi yake. Utafiti wao uliofuata, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mashambulizi mengi hutokea kuanzia magharibi hadi kama saa nne usiku, na huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku zinabaki giza tupu.

Hayo yanaeleza mazingira halisi ya kazi: giza la mapema, umbali wa hatua tano hadi thelathini, mlinzi aliyetoka usingizini, na nyuma ya shabaha kuna nyumba ya mtu mwingine. Awe ni mwizi wa mifugo pale Lugoba au mnyama aliyevuka kutoka upande wa hifadhi ya Saadani, picha haibadiliki sana.

Sasa tuitazame darubini ya kawaida ya uwindaji, ile inayokuza kutoka mara 3 hadi mara 9, yenye lenzi ya mbele ya milimita 40. Mchana, kwenye uwanda, ni kifaa kizuri sana. Ikifungwa kwenye ukuzaji wa mara 9 huonyesha eneo lenye upana wa kama mita 4 kwa umbali wa mita 100. Isogeze shabaha hadi mita 10, na eneo hilo linakuwa sentimita 40. Mlinzi ataona kipande cha shati. Hataona mikono imeshika nini, hatajua kama mtu huyo anakuja au anakimbia. Isitoshe, darubini nyingi za aina hii zimepangwa kiwandani zionyeshe vizuri kuanzia mita 100 hivi, kwa hiyo kile kipande cha shati nacho kitakuwa na ukungu.

Kuna jambo la pili, linalohusu mwanga. Ukigawanya upana wa lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji, unapata upana wa mwali unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Arobaini kwa tisa ni milimita 4.4. Arobaini kwa tatu ni zaidi ya milimita 13. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7, na ya mzee wa miaka sitini haifiki hapo. Maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyokuza usiku ndivyo anavyolinyima jicho lake mwanga. Mwenye darubini hiyo tayari, na asiye na fedha ya nyingine, anaweza kuiacha kwenye ukuzaji wa mara 3 kila siku jua linapozama, akapata sehemu kubwa ya faida bila kutumia shilingi. Ni hatua ndogo inayopuuzwa mno.

Alama za chuma zinazokuja na bunduki zina sifa moja isiyopingika: hazina betri na hazivunjiki kirahisi. Ubaya wake uko kwenye jicho. Kulenga kwa alama hizo kunamtaka mtu apange vitu vitatu kwenye mstari mmoja, yaani kipande chenye mfuo cha nyuma, kinundu cha mbele, na shabaha yenyewe, na jicho la binadamu haliwezi kuvitazama vyote vitatu kwa uwazi mara moja. Kijana hulazimisha. Aliyevuka miaka arobaini na tano huona kipande cha nyuma kimefutika hata mchana. Usiku, chuma cheusi juu ya kivuli cheusi hakionekani kabisa, na ndiyo maana Patterson alikuwa akipiga kwa kufuata sikio.

Hapo ndipo kioo cha nukta nyekundu kinapopata nafasi yake. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilikitoa sokoni mwaka 1975, na jeshi la nchi kavu la Marekani likakipokea rasmi katika miaka ya 1990. Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza: taa ndogo sana ya LED ndani ya kifaa huangaza kwenye kioo kilichopinda kidogo, na kioo hicho kinaurudisha mwanga jichoni kana kwamba nukta iko mbali, pale pale ilipo shabaha. Hakuna ukuzaji. Jicho halihitaji kukaa mahali pamoja kamili, na mlengaji huacha macho yote mawili wazi, hivyo anaendelea kuona uwanja, mlango na yeyote anayetokea pembeni. Vitu vitatu vya kupanga vimekuwa kimoja. Kwa masafa ya ua wa nyumba, hakuna kioo kingine cha mchana kinachokikaribia.

Kina kasoro zake. Mwenye jicho lenye astigimatizimu ataona nukta imechanua au imekuwa koma, na ni vyema akaijaribu dukani kabla hajalipa. Mwangaza ukiachwa juu kama wa mchana, nukta humwaga wekundu usiku na kuifunika shabaha, kwa hiyo upunguzwe kabla ya kulala. Betri nayo ni suala la kuchagua vizuri: vifaa bora vya aina hii hukaa vimewashwa hadi saa 50,000, ambazo ni zaidi ya miaka mitano, ilhali vya bei ya chini huisha haraka na baadhi huzimika kwa mtikiso wa risasi za kwanza. Hewa ya chumvi ya ukanda wa Bagamoyo huanza kula skrubu na vituo vya betri mapema kuliko wauzaji wanavyosema, na vumbi la barabara za Miono na Mkange hutafuta kila mwanya.

Hata hivyo nukta nyekundu haiangazi chochote. Huonyesha risasi itakwenda wapi, haionyeshi nani yuko huko. Magazeti mengi ya silaha ya Marekani yanayofundisha somo hili yanaandikia nyumba yenye swichi ukutani na taa ya mtaani nje ya dirisha. Mlinzi wa shamba la mananasi Kiwangwa hana vyote viwili. Kwake yeye tochi inatangulia kioo, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, na iwe tochi nzuri.

Tena iwe ya mkononi au ya kichwani kwanza, si ile iliyofungwa kwenye mtutu peke yake. Mwenye tochi ya mtutuni analazimika kukielekezea bunduki kila anachotaka kukitazama, na mara nyingi usiku kinachotazamwa ni mtoto aliyetoka chooni au jirani aliyekuja kuomba msaada. Tochi hufanya na kazi nyingine ambayo kioo hakiwezi. Macho ya simba, fisi, ng'ombe na mbwa hung'aa yakimulikwa, kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga. Ya binadamu hayang'ai hivyo. Mng'ao peke yake hautoshi kuamua, maana ng'ombe wa Mmasai aliyepotea naye atang'aa, lakini huanza kutenganisha mambo kabla kidole hakijafika kwenye kifyatulio.

Vipo pia vifaa vinavyoona joto. Huko Maasai Mara, Kenya, shirika la WWF lilianza mwaka 2016 kuwasaidia askari wa wanyamapori kwa kamera za namna hiyo, na majangili zaidi ya ishirini walikamatwa katika miezi michache. Askari wa doria anahitaji kujua kuwa kuna mtu porini saa nane usiku, na kamera humwambia. Mwenye nyumba anahitaji zaidi ya hapo. Kamera ya joto huonyesha umbo linalong'aa bila sura, na kwenye umbo hilo shemeji na mwizi wanafanana. Wala haioni kupitia kioo cha dirisha. Bei yake ikiongezwa, kwa ulinzi wa nyumba haistahili.

Sheria nayo inaingia kwenye hesabu hii. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni, na Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyefyatua ataulizwa aliona nini. Kwa tembo au kiboko aliyeingia shambani kutoka bonde la Wami, anayepaswa kuitwa ni askari wa wanyamapori, na namba yao ya simu inafaa kuwa ukutani pale bunduki inapofungiwa.

Kikishafungwa kioo, kazi ya mwisho hufanyika kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Kioo hukaa sentimita 4 au zaidi juu ya mtutu, na hilo husahaulika. Bunduki ya kawaida ya uwindaji iliyorekebishwa ipige kwenye nukta kwa mita 25 itapiga sentimita chache juu yake kwa mita 100, jambo lisilo na madhara kwa matumizi haya. Kwa mita 5, kinyume chake, risasi itagonga karibu sentimita 3 chini ya pale nukta ilipo. Mmiliki apige karatasi kwa mita 5, 10 na 25, aandike tofauti kwa kalamu, kisha akaze skrubu, asafiri na bunduki kwenye barabara ya vumbi, na arudie kupiga zile zile tatu kuona kama kuna kilichosogea.