Fundi Asiye na Spea

Fundi pikipiki wa hapa Endulen akimaliza kazi hukuwekea mkononi kile kilichokufa: bereingi iliyolika, plagi nyeusi kama mkaa, cheni iliyochoka. Unalipa bila kinyongo kwa sababu maiti umeiona kwa macho yako. Jambo hili limenikaa kichwani tangu Novemba 2021, kijana mmoja, fundi kompyuta wa Karatu, alipolala kwetu usiku mmoja, akaondoka asubuhi na nauli yake na ujira wake, na ndani ya nyumba hapakuwa na kilichobadilishwa hata skrubu.

Kwetu kuna kompyuta ya mezani, imekaa sebuleni, na printa imeunganishwa nayo kwa kebo. Laptopu yangu huzunguka nami, leo chumbani, kesho chini ya mti nikisahihisha madaftari. Katikati ipo rauta ndogo yenye laini ya simu ndani, na vyote hivyo vinategemea sola moja iliyo juu ya bati la jikoni. Mambo yalikuwa mepesi: naandika mtihani chumbani, nabofya, nasikia printa ikikohoa sebuleni. Siku moja ikaacha kukohoa. Folda ya mitihani, ambayo kompyuta ya mezani huihifadhi kwa niaba ya sote, nayo ikafunga mlango.

Nikarudi kwenye flashi. Naandika, nachomoa, nakwenda sebuleni, nachomeka, nachapa, naona kosa, narudi. Mke wangu akasema siku hizi waifai ya nyumba hii ni miguu yangu. Mitihani ya kufunga mwaka ilikuwa mlangoni.

Nikiri kwanza nilichofanya kabla ya kumpigia fundi, maana naamini wengi wamekifanya. Nilizima rauta na kuiwasha mara zisizo na hesabu. Nilifuta printa kwenye laptopu nikaiweka upya, nikaifuta tena. Niligusa hiki na kile kwenye mipangilio, mpaka sikukumbuka tena nyumba ilikuwaje kabla ya mimi kuanza kuitengeneza. Majirani zangu hapa, ng'ombe akipotea, jambo la kwanza ni kuwazuia watoto wasikimbie-kimbie langoni pa boma, ili nyayo zisomeke. Mimi nilikuwa nimekanyaga zote.

Kijana alifika mchana kwa gari la abiria, vumbi hadi kwenye kope. "Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu." Akapewa chai. Mashine hakuigusa. Yeye ni Mwiraqw, lakini amefanya kazi Umasaini vya kutosha kujua kwamba shida ya mtu haiulizwi kabla ya habari kwisha: za watu, za ng'ombe, za malisho, za mvua. Robo saa ikapita. Mimi moyoni nahesabu saa zilizobaki kabla ya geti la Lodoare, la njia ya kurudi Karatu, kufungwa, nikaona anachezea muda wangu.

Kisha, kwa sauti ile ile ya kuulizia mvua, akauliza: "Ilianza lini, mwalimu?"

"Kama wiki mbili."

"Wiki mbili zilizopita nani alikuwa hapa?"

Nikashangaa. Alikuwapo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuja kutusalimia siku nne. Kijana mwema. Aliona rauta yetu imezeeka, akatuachia ya kwake iliyo nzuri zaidi. Kwa kuwa alikuwa na bando kubwa, aliiachia kompyuta ya mezani ijivutie apdeti zake zote zilizokuwa zimelimbikizana. Nilikuwa nimeyasahau yote hayo kwa sababu yalikuwa wema, na mtu akitafuta chanzo cha tatizo hatafuti upande wa wema.

Fundi akaweka kikombe chini. Nadhani kazi nusu ilikuwa imekwisha.

Alichofanya baadaye nitakieleza polepole, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Alifungua laptopu yangu, akaandika amri ya ping. Programu hiyo iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na jina lake ni mlio wa sonari ya manowari: unapiga sauti gizani, unasubiri mwangwi. Kila kifaa nyumbani kina anwani yake ya tarakimu, kama namba ya nyumba mtaani. Akaibishia rauta hodi kutoka kwenye laptopu: ikaitika. Akaenda sebuleni, akaibishia rauta kutoka kwenye kompyuta ya mezani: ikaitika. Akarudi, akaibishia kompyuta ya mezani kutoka kwenye laptopu. Kimya. Mistari minne ya kimya.

Mimi ningesema hapo hapo: rauta mpya ni mbovu. Wala nisingekuwa mjinga kusema hivyo, kwani zipo rauta zinazowatenga wageni wake, kila mmoja anaongea na intaneti lakini hawaruhusiwi kusalimiana wao kwa wao. Fundi hakusema kitu. Akaenda sebuleni kwa mara ya pili na kuligeuza swali: kutoka kwenye kompyuta ya mezani akaibishia hodi laptopu. Ikaitika, mara nne, haraka.

Akanitazama kama anayengoja nione. Sikuona. Akanieleza: hodi imetoka mezani, imepita kwenye rauta, imefika chumbani, na jibu limerudi kwa njia ile ile. Basi njia ni nzima kwenda na kurudi. Rauta haina kosa, waifai haina kosa, laptopu haina kosa. Aliyefunga mlango ni mwenye nyumba mwenyewe, yaani kompyuta ya mezani: anapaza sauti nje lakini akibishiwa haitiki.

Vitu vinne vilikuwa washukiwa. Kwa swali moja lililogeuzwa, vitatu vikaachiwa huru. Sijui mahakama ifanyayo kazi kwa wepesi huo.

Sababu ilikuwa ndogo mpaka inakera. Rauta ilipobadilika, Windows iliona mtandao isioujua, ikauliza: huu ni mtandao wa nyumbani, au wa hadharani kama wa hotelini? Mpwa wangu, aliyezoea waifai ya hosteli ambako kumwamini jirani ni kujitakia, alichagua wa hadharani. Kompyuta ikatii, ikajifungia ndani. Fundi akageuza chaguo lile moja. Folda ya mitihani ikafunguka, na mle ndani Hisabati ya Darasa la Tano ilikuwa imekaa kimya kama mtoto aliyejificha uvunguni.

Hapa niseme neno juu ya lugha ambayo kompyuta hizi hutumia kugawiana mafaili na printa. Inaitwa SMB. Kuanzia mwishoni mwa 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Canberra, Australia, alitaka mashine za aina nyingine nazo ziielewe. Hakuwa na kitabu cha kuieleza, hivyo akasikiliza: aliandika programu ya kutazama mashine mbili zikiongea, akaona hii ikisema hivi ile hujibu vile, kama mgeni anayejifunza lugha kwa kukaa sokoni. Baadaye alipohitaji jina la kazi yake, alipekua orodha ya maneno akitafuta lenye s, m na b kwa mpangilio huo. Akapata samba, na kazi hiyo mpaka leo inaitwa Samba. Angekuwa na kamusi ya Kiswahili angepata simba, angepata sambaza, ambalo ndilo hasa jambo lenyewe, na kidogo mbele angekutana na sumbua.

Kwa maana printa ilikuwa bado. Folda inafunguka, printa inagoma, na sasa ikatoa neno: 0x0000011b. Fundi alicheka, cheko la mtu aliyekutana barabarani na mdeni wake. Kuanzia Septemba mwaka ule, alisema, namba hiyo ameiona stesheneri hadi stesheneri. Apdeti za Windows za mwezi huo ziliifanya kompyuta inayohudumia printa iwakatae wateja wasiojitambulisha kwa njia mpya iliyo salama zaidi. Ulikuwa ulinzi wa haki. Mwaka 2021 matundu ya usalama kwenye huduma ya kuchapa yalikuwa yamewahangaisha watu dunia nzima. Ila ulinzi huo ulizikuta nyumba nyingi mashine moja imeshavuka mto, nyingine bado ng'ambo. Ya mezani ilivushwa na bando la mpwa wangu. Laptopu niliizuia mimi mwenyewe, miezi mingi nyuma, isivute apdeti yoyote, ili isinimalizie bando.

Si mbali na hapa, Laetoli, ziko nyayo ambazo timu ya Mary Leakey ilizifukua 1978: viumbe waliotembea wima kwenye majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Baada ya kuzichunguza walizifukia tena ili zisiharibike. Lakini udongo uliotumika kufukia ulikuwa na mbegu za migunga ndani yake. Zikaota, na miaka ya 1990 ikabidi watu warudi, waiue ile miti na kuondoa mizizi iliyokuwa ikiteremkia nyayo, kisha wafukie upya kwa uangalifu zaidi. Hakuna aliyekosea kwa nia. Namba ile ya printa nayo ni mgunga: imeota ndani ya ulinzi wenyewe.

Nikamuuliza kama hakuna njia ya mkato. Ipo, alisema, mafundi wengi wanaitumia: unaingia ndani ya Windows, unauzima ule ulinzi, dakika mbili umemaliza. "Lakini hapo nimekuacha mlango wazi, mwalimu, halafu nimekwenda zangu Karatu." Tukanunua bando la usiku, tukaiachia laptopu ivute kilichokuwa kimelimbikizana, naye akalala kwetu.

Kabla ya kulala alifanya kitu ambacho nisingekikumbuka. Alifungua foleni ya printa kwenye laptopu. Mle ndani kila mbofyo wangu wa hasira wa wiki mbili ulikuwa umesubiri zamu: Hisabati Darasa la Tano, mara ishirini na tatu. Akasimamisha huduma ya kuchapa, akafuta foleni yote, akaiwasha tena. La sivyo asubuhi tungeamka na rimu nzima ya mtihani mmoja.

Asubuhi saa moja na nusu nilibofya nikiwa chumbani. Sebuleni kitu kikakohoa. Mke wangu akapiga kigelegele kidogo, nusu cha furaha, nusu cha kunicheka.

Nikatoa pesa. Nikiri tena: mkono ulisita. Jicho langu lilikuwa likitafuta bereingi iliyolika. Yeye, labda kwa kuzoea kusita kwa namna hiyo, alichukua karatasi ya majaribio iliyotoka kwenye printa, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu: tarehe, tatizo lilivyokuwa, alichogusa, na ambavyo hakuvigusa.

"Hii ya nini?"

"Ya fundi atakayekuja. Huenda nikawa mimi tena, na nitakuwa nimesahau."

Niliibandika nyuma ya printa, na bado ipo, wino umeanza kugeuka kahawia. Kwenye mstari wa mwisho, wa ambavyo hakuvigusa, ameandika rauta, kebo, kadi ya waifai, printa. Ndivyo vitu vinne nilivyokuwa nimeviorodhesha niende kuvinunua Karatu mshahara ukitoka.