Maskini wa Marekani na fukara wa Turkana: Tatizo ni tarakimu au ni istilahi?

UKITAKA kuwagombanisha Wakenya wawili waliosoma, waulize ni nchi gani kati ya mataifa tajiri iliyo na maskini wengi zaidi. Wa kwanza atasema Marekani, na atakutajia asilimia 18. Wa pili atamkatiza: "Wapi! Marekani ni asilimia 11 tu." Wa tatu, ambaye hata hakuulizwa, atadakia kwamba huko hakuna maskini hata mmoja, eti maskini wa Ulaya ana friji na gari, huyo ni maskini gani? Watabishana hadi sauti ziwakauke, na kila mmoja ataondoka akiamini kwamba wenzake wamepotoka.

Dai langu katika makala haya ni kwamba wote watatu wanalitumia neno moja kutajia vitu tofauti. Ubishi wanaoudhania kuwa wa kiuchumi, kwa sehemu kubwa ni wa kiistilahi. Nasi tunaoandika kwa Kiswahili, hasa katika vyombo vya habari, tumeuchochea kwa kutafsiri kila kitu kuwa "kiwango cha umaskini" bila kumwambia msomaji ni kiwango cha nini hasa.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Asilimia 11 ni kipimo rasmi cha serikali ya Marekani kwa mwaka 2023. Asili yake ni kazi ya Mollie Orshansky, mtaalamu aliyehudumu katika mamlaka ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo. Katika miaka ya 1960, Orshansky alikadiria gharama ya chakula cha chini kabisa kinachoweza kuitosha familia, kisha akaizidisha mara tatu, kwa kuwa familia za wakati huo zilitumia takriban thuluthi moja ya kipato chao kwa chakula. Tangu hapo mstari huo hupandishwa kwa kufuata bei za bidhaa. Haujali kama matajiri wamezidi kutajirika au la.

Asilimia 18 nayo hutokana na njia ya OECD, shirika linaloyaleta pamoja mataifa tajiri. Hapa anatafutwa mtu wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya watu wanamzidi kipato na nusu nyingine anawazidi yeye. Kila anayepata chini ya nusu ya kipato cha mtu huyo huhesabiwa kuwa maskini. Umoja wa Ulaya hufuata mantiki iyo hiyo, ila hutumia asilimia 60 badala ya nusu. Kipimo cha kwanza humuuliza mtu: una nini? Cha pili humuuliza: wenzako wamekuacha umbali gani?

Ni dhahiri kwamba maswali haya mawili hayawezi kuzaa jibu moja. Chukua mfano wa Luxembourg na Jamhuri ya Czech. Kwa kipimo cha Ulaya, Czech huwa na takriban asilimia 10 ya watu walio chini ya mstari, nayo Luxembourg huzidi asilimia 17. Msomaji asiyeambiwa siri ya kipimo atadhani Luxembourg imechakaa. Kumbe mtu aliye karibu na mstari wa Luxembourg ana kipato kinachompita yule wa katikati kule Czech!

Kichekesho zaidi kilitokea Uingereza. Mwaka 1999 Waziri Mkuu Tony Blair aliahidi kuufuta umaskini wa watoto katika muda wa kizazi kimoja, na kipimo kikuu kikawa hicho cha asilimia 60. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, kipato cha mtu wa katikati kilishuka. Mstari nao ukashuka pamoja naye, na katika mwaka wa 2010/11 idadi ya maskini ikapungua. Hakuna aliyekuwa ameongezewa chochote cha maana; ni jirani aliyekuwa ameporomoka.

Wapo watakaosema: basi kipimo hicho cha kulinganisha ni upuuzi, kitupwe. Siafikiani nao, na sababu yangu niliipata karibu na nyumbani, hapa Kileleshwa.

Mtaa huu unazidi kupanda juu kila mwezi. Nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, na ghorofa zinachipuka mahali pake. Watu wa mjengo huja kwa miguu kila alfajiri kutoka Kawangware na Gatina. Msomaji huenda hajui kwamba Kileleshwa, Kilimani, Kawangware, Gatina na Kabiro ni wadi za eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Ukichukua wastani wa eneobunge hilo utapata mtu asiyeishi popote: si wa lifti, si wa mabati.

Siku moja nilimsomea fundi mmoja wa mawe takwimu za serikali. Kwa mujibu wa utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) wa 2015/16, mstari wa umaskini mjini ulikuwa Sh5,995 kwa mwezi kwa mtu mzima, yaani karibu Sh200 kwa siku. Mashambani ulikuwa Sh3,252. Kwa hesabu hiyo, asilimia 16.7 ya wakazi wa Nairobi walikuwa maskini, Turkana asilimia 79.4, na nchi nzima asilimia 36.1. Fundi alicheka.

"Mwalimu, kwa hivyo mimi si maskini?"

"Kwa hesabu hii, la."

"Sawa. Lakini hapa Kileleshwa mimi ndiye maskini. Hiyo ghorofa nilijenga mimi, na sahii nikipita hapo getini naulizwa naenda wapi. Halafu nikifika ocha Krismasi, mimi ndio sonko. Watu wanapanga laini kwangu."

"Sasa wewe ni maskini au si maskini?"

"Si inategemea niko wapi?"

Fundi huyu hajasoma takwimu za OECD, lakini amelifikia suala ambalo wanazuoni wakubwa walibishania. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba mahitaji ya lazima si chakula pekee, bali pia vile vitu ambavyo desturi ya nchi humfanya mtu wa heshima aone haya kuvikosa. Alitoa mfano wa shati la kitani: Wagiriki na Warumi wa kale waliishi bila hilo, ila kibarua wa sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati wake angeona aibu kuonekana hadharani bila kulivaa. Peter Townsend aliijenga hoja ya aina hiyo katika utafiti wake mkubwa kuhusu umaskini wa Uingereza uliotoka mwaka 1979. Mwaka 1983 Amartya Sen alimjibu kwa namna inayosaidia sana: haja ya kutoaibika ni ile ile kila mahali, kinachobadilika ni vitu vinavyohitajika ili mtu asiaibike. Kwa maneno mengine, aibu haina nchi, ila shati lina bei tofauti.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapa ndipo Kiswahili kinapowazidi ujanja hao wanaobishana. Tuna utajiri wa maneno ya kutaja ukosefu: umaskini, ufukara, ukata, uchochole, uhawinde, na yule mlalahoi wetu wa kila siku. Kwa sasa tunayatumia kama visawe, kupamba tu sentensi. Lakini "maskini" na "fukara" hazikuzaliwa pacha. Zote zina asili ya Kiarabu, na Qurani, katika kuorodhesha wanaostahiki zaka, inawataja "fuqara" na "masakin" kama makundi mawili. Wanazuoni wa Kiislamu walibishana karne nyingi ni nani kati yao aliye na hali mbaya zaidi. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika upwa wetu, hushikilia kwamba fukara ndiye aliyekosa zaidi, na maskini ana kitu ila hakimtoshi. Naam, mjadala wa vipimo viwili vya umaskini ulikuwapo Lamu na Mombasa kabla Orshansky hajazaliwa.

Isitoshe, tuna neno "stara". Mswahili akiulizwa hali atasema "tunajisitiri tu", na hamaanishi nguo pekee. Anamaanisha kwamba ana kiasi cha kumwezesha kupokea mgeni, kuzika maiti wake na kumpeleka mtoto shule bila kuadhirika. Methali nayo inasema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Wahenga hawakutaja kipato hapo. Walitaja jinsi jamii inavyomtazama mtu, jambo ambalo fundi wangu hukumbushwa kila apitapo getini.

Kwa hivyo napendekeza tuache mazoea ya visawe. Kipimo cha chakula na mahitaji ya msingi, kama kile cha KNBS, tukiite kipimo cha ufukara. Kipimo cha kulinganisha watu wa jamii moja, kama cha OECD, tukiite kipimo cha umaskini, kwa maana ya kukosa stara. Tukifanya hivyo, sentensi "Marekani ina umaskini mwingi kuliko Czech" na sentensi "Turkana ina ufukara mwingi kuliko Marekani" zitasimama pamoja bila kugombana. Anayeona jina hili halifai na aleta lingine. Alimradi tusirudi kwenye neno moja la kubeba mizigo miwili.

Yupo atakayeniambia, "Hayo ni ya wasomi, sisi tunatafuta unga." Hasha. Tangu Oktoba 2024, Mkenya asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake wa bima ya afya ya SHA kwa kuulizwa maswali kuhusu kaya yake. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, na haushuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Anayeyatunga maswali hayo tayari ameamua moyoni nani ni maskini. Akiwa na maana ya fukara peke yake, fundi wa Kawangware atahesabiwa kuwa mtu anayejiweza kwa sababu anakula. Akiwa na maana ya kulinganisha peke yake, maskini wa Nairobi atapewa nafasi ya fukara wa Turkana.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu walio ughaibuni. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliiweka familia ya watu wanne katika kundi la maskini iwapo ilipata chini ya dola 31,200 kwa mwaka. Kwa dola ya Sh129, hizo ni zaidi ya Sh335,000 kwa mwezi. Jamaa wa huku wakisikia hesabu hiyo huona mtu wao anawanyima. Hawamwoni akilipa kodi ya nyumba kwa bei za kule, wala hawajui kwamba huko aliko, yeye ndiye anayeulizwa getini anaenda wapi.

Basi siku nyingine ukisoma kwamba nchi fulani ina asilimia kadha ya maskini, usikimbilie kushangilia wala kusikitika. Uliza kwanza: wako chini ya mstari gani, na mstari huo umechorwa na nani? Mwandishi asiyeweza kukujibu hajakupa habari.